SUKARI HAIMO, LAKINI KIMO NINI?

Maneno kwa madereva, matingo, walinzi na wote wanaotafuna chingamu kazini



Katika vibanda vya Malaba, Busia, Elegu na Mutukula, bidhaa ndogo kuliko zote ndiyo inayouzwa usiku kucha, nayo ni chingamu. Wengine huiita bablishi, wengine jojo, na wengine huita kila aina Big G hata kama jina lililoandikwa ni jingine. Dereva hununua ili asisinzie. Utingo hununua kwa sababu hajapata maji ya kupiga mswaki tangu jana. Mlinzi wa ghala hununua ili mdomo uwe na kazi mpaka jua lichomoze. Wanaotafuna mairungi huichanganya humo ili kupunguza uchungu wa majani.

Zamani chingamu karibu zote zilikuwa za sukari. Siku hizi ziko nyingi zilizoandikwa mbele, kwa herufi kubwa, kwamba hazina sukari. Wenzetu wenye kisukari wanazipenda, na wenye meno mabovu pia. Si vibaya. Mate yanayotoka wakati wa kutafuna huosha meno, na utafiti uliofanywa katika mji wa Turku, nchini Finland, mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulionyesha kwamba utamu unaoitwa zailitoli hauozeshi meno kama sukari ifanyavyo. Kwa hiyo chama hakiji hapa kumkataza mtu kutafuna.

Tunalotaka kusema ni hili. Maneno ya mbele ya pakiti yanakuambia kitu kisichokuwemo. Kilichomo kimeandikwa nyuma, kwa herufi ndogo, na hicho ndicho kinachoingia tumboni mwako. Mfanyakazi asome nyuma ya pakiti kama anavyosoma mkataba wa kazi: kwanza yale maandishi madogo.

KWA NINI CHAMA KISHUGHULIKE NA CHINGAMU

Yuko atakayeuliza: mishahara haijapanda, na chama kinazungumza habari za bablishi? Tunajibu kwa mfano.

Mwenzetu mmoja, dereva wa trela, aliambiwa katika zahanati kwamba ana kisukari. Akaacha soda, akaacha chai ya sukari, akaanza kununua chingamu isiyo na sukari, pakiti mbili kila safari. Baada ya miezi michache tumbo likaanza kumsumbua: linajaa gesi, linanguruma, kisha anaharisha. Akatibiwa taifodi, akatibiwa amiba, akarudia tena taifodi, na kila mara dawa alinunua kwa fedha zake. Njiani alisimamisha gari kila baada ya mwendo mfupi kutafuta choo. Tajiri akaona gari linachelewa, akadhani dereva anakunywa, akampa barua ya onyo. Onyo la pili lingekuwa kufukuzwa.

Kamati ya tawi ilimsindikiza hospitalini. Sista mmoja wa huko, mtu mzima mwenye subira, alimwuliza: “Mzee, mbali ya chakula, mdomoni mwako huingia nini kutwa nzima?” Akajibu: “Hakuna kitu, sista. Ni hii chingamu tu, na hii si chakula, naitema.”

Hapo ndipo fundo lilipokuwa. Kitu kinachotafunwa na kutemwa hatukihesabu. Daktari akituuliza tumekula nini, tunataja posho, maharage na nyama, na chingamu hatuitaji. Lakini tunachotema ni ule mpira tu. Utamu wote umekwisha kumezwa pamoja na mate. Mwenzetu aliacha chingamu, tumbo likatulia, barua ya daktari ikapelekwa kwa tajiri, na lile onyo likafutwa. Kazi ya mtu ilikuwa karibu kupotea kwa ajili ya maandishi madogo ambayo hakuna aliyemfundisha kuyasoma. Hiyo ni kazi ya chama.

Wala si mwenzetu peke yake. Mwezi Januari 2008 gazeti la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha habari za wagonjwa wawili waliotibiwa Berlin, Ujerumani. Mmoja alikuwa mwanamke wa miaka 21 aliyepungua kilo 11, na mwingine mwanamume wa miaka 46 aliyepungua kilo 22. Wote wawili waliharisha kwa muda mrefu, wakapimwa kila namna, na ugonjwa haukuonekana. Mwishowe ikagunduliwa kwamba wanatafuna chingamu zisizo na sukari kwa wingi, na yule mwanamume alikula na peremende za namna hiyo. Walipoacha, kuhara kulikwisha na uzito ukarudi. Madaktari walihesabu kwamba kipande kimoja kilikuwa na gramu 1.25 hivi za utamu uitwao sorbitoli. Ndugu dereva, piga hesabu mwenyewe: vipande 20 kwa safari moja ni gramu 25.

MZIO NA TUMBO KUKATAA

Watu huchanganya mambo mawili, na ni lazima kuyatenganisha, kwa maana moja linaweza kuua.

La kwanza ni mzio. Hapa mwili wenyewe unapigana na kitu fulani kana kwamba ni adui, na hata kiasi kidogo sana kinatosha kuanzisha vita. Dalili zake ni vipele vya kuwasha, kuvimba midomo au ulimi, kubanwa na pumzi, kutapika, kizunguzungu. Ukiona midomo inavimba au pumzi inabana, tema, simamisha gari, na ukimbizwe hospitalini mara moja. Usisubiri kufika mwisho wa safari. Usijaribu tena kitu hicho ili kuhakikisha.

La pili ni tumbo kukataa. Hapa hakuna vita. Ni wingi tu: kitu kidogo kinapita salama, kikizidi tumbo linalalamika. Dalili zake ni gesi, msokoto wa tumbo na kuharisha. Haliui, lakini linamnyima mtu kazi na usingizi. Matatizo mengi ya chingamu zisizo na sukari ni ya namna hii ya pili.

NAMBA HAZINA LUGHA

Wengi wetu tumeishia shule ya msingi, na pakiti zinatoka Kenya, Uturuki, Dubai, India na China. Nyingine zimeandikwa kwa lugha ambayo hata mwalimu wetu hakuijua. Lakini iko njia. Vitu vinavyotiwa katika vyakula vya viwandani vimepewa namba za kimataifa, na namba ni zile zile kila nchi. Wazungu wa Ulaya hutanguliza herufi E, kwingine hutanguliza INS, na kwingine huandika namba peke yake. Mtu anayejua kusoma namba ya gari anaweza kusoma na hizi.

Kundi la kwanza ni tamu zinazovuta maji tumboni:
420 ni sorbitoli.
421 ni manitoli.
953 ni isomalti.
965 ni maltitoli.
966 ni laktitoli.
967 ni zailitoli.
968 ni erithritoli, nayo huvumilika zaidi kuliko nyingine kwa sababu sehemu kubwa huingia katika damu na kutoka na mkojo.

Kama pakiti imeandika majina badala ya namba, shika alama hii: karibu zote huishia na herufi t, o, l. Isomalti peke yake ndiyo haifuati. Wataalamu huziita pombe za sukari, lakini Waislamu na walokole wasishtuke, kileo hakimo.

Kazi yake ni hivi. Utumbo mwembamba hauwezi kuzinyonya zote. Zinazobaki huvuta maji, kisha hufika katika utumbo mpana na kuliwa na vijidudu vinavyoishi humo, navyo hutoa gesi. Ndiyo sababu tumbo hunguruma kama injini yenye hewa katika mafuta. Wako watu wanaojaa gesi kwa gramu 5 hadi 10 tu za sorbitoli kwa siku. Zikifika 20 na kuendelea, kuharisha si ajabu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, chakula kilichotiwa zaidi ya asilimia 10 ya tamu hizi ni lazima kiandikwe onyo kwamba kikizidi kinaweza kuharisha. Litafute onyo hilo. Mara nyingi limo, chini kabisa.

Kundi la pili ni tamu kali zinazotiwa kidogo sana:
950 ni asesulfamu.
951 ni aspatamu.
954 ni sakarini.
955 ni sukralozi.
962 ni aspatamu na asesulfamu zilizounganishwa.

Katika hizi, 951 na 962 ndizo zenye hatari kwa watu wachache waliozaliwa na ugonjwa wa nadra ambao mwili wao hauwezi kuvunja kitu kiitwacho fenilalanini. Ndiyo maana pakiti nyingi huandika kwamba ndani mna fenilalanini. Kwa mtu mwingine neno hilo lisimtishe. Mwezi Julai 2023 redio na simu zilijaa habari kwamba aspatamu inaleta saratani. Ukweli ni kwamba shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani, huku ushahidi ukiwa hafifu. Wakati huo huo kamati ya wataalamu wa vyakula ya Umoja wa Mataifa ilibakiza kiwango cha zamani: miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni miligramu 2,800, na kipande cha chingamu kina miligramu chache tu.

Kundi la tatu ni vitu vingine vya kuangaliwa:
322 ni lesithini, ambayo mara nyingi hutoka katika soya. Mwenye mzio wa soya amwulize daktari.
320 na 321 huzuia mafuta yasichache. Wako wachache ambao ngozi yao huzikataa.
102 ni rangi ya njano, na 120 ni rangi nyekundu itokayo katika wadudu. Kila moja imewahi kuwaletea watu fulani vipele.

Halafu liko neno la maziwa. Chingamu nyingine za kulinda meno zimetiwa protini ya maziwa. Aliye na mzio wa maziwa asidhani kwamba chingamu haiwezi kuwa nayo. Na ladha ya mdalasini huwachoma wengine mdomoni, wakapata vidonda na weupe kwenye mashavu ya ndani. Ladha ya mnanaa nayo inaweza kumwongezea kiungulia mwenye kiungulia.

YANAYOFICHWA

Kuna maneno mawili kwenye pakiti ambayo ni kama mlango uliofungwa. La kwanza ni lile la msingi wa chingamu, yaani ule mpira wenyewe. Zamani mpira huo ulitoka katika utomvu wa miti ya Amerika ya Kati. Leo sehemu kubwa ni mpira na plastiki za viwandani, pamoja na nta na mafuta. Neno la pili ni ladha. Sheria za nchi nyingi humruhusu mwenye kiwanda kuandika maneno hayo mawili tu bila kutaja kila kitu kilichomo, kwa sababu ni siri ya biashara. Kwa hiyo mtu anaweza kukagua namba zote akazikuta salama, na bado mdomo ukawaka. Akiona hivyo asijione mwehu. Aache aina ile, ajaribu ya kiwanda kingine yenye ladha nyingine.

Na hata chingamu isiyo na kasoro ina mambo yake. Anayetafuna sana humeza hewa, na hewa ni gesi tumboni. Taya huchoka, na taya likichoka kichwa huuma. Si kila lawama ni ya namba.

NJIA YA KUJIPIMA

Njia hii ni kwa tumbo linalosumbua tu. Aliyewahi kuvimba au kubanwa na pumzi asiifuate, aende kwa daktari.

Kwanza, soma nyuma ya pakiti. Kanuni ya kimataifa inataka vitu viandikwe kwa kufuata uzito, kilicho kingi kitangulie. Kama kitu cha kwanza ni 420 au jina lenye t, o, l mwishoni, ujue hicho ndicho ulichonunua.

Pili, acha chingamu zote kwa wiki mbili, pamoja na peremende zisizo na sukari. Dawa za maji za kifua zisizo na sukari nazo huwa na sorbitoli mara nyingi, basi ikiwa daktari amekuandikia dawa usiiache, mweleze tu. Mambo mengine yabaki kama yalivyo. Ukibadili chakula, chai na chingamu siku moja, hutajua ni kipi kilichokuponya.

Tatu, andika katika daftari: siku, saa, vipande vingapi, na tumbo lilifanya nini. Dereva amezoea kuandika safari na mafuta, basi aongeze mstari mmoja.

Nne, kama tumbo limetulia, rudisha aina moja tu, vipande viwili kwa siku, siku tatu. Ukiwa salama, ongeza kidogo. Hapo utajua kipimo chako mwenyewe, kwa maana tumbo la mtu si la jirani yake.

Tano, chukua ile karatasi, iweke ndani ya daftari, uipeleke kwa daktari. Karatasi itaeleza kuliko maneno yetu.

Lakini ukiona damu katika choo, au homa, au uzito unapungua hata baada ya kuacha, usiendelee kulaumu chingamu. Nenda hospitali. Taifodi na amiba zipo kweli.

Neno moja kwa wenye kisukari wanaotumia dawa. Mkono ukianza kutetemeka, jasho likatoka na macho yakawa giza kwa sababu sukari imeshuka, chingamu isiyo na sukari haitakusaidia. Weka pipi ya sukari au soda ya kweli karibu na usukani kwa saa hiyo. Na neno jingine kwa walinzi wenye mbwa: 967, ile zailitoli, ni sumu kwa mbwa hata kwa kiasi kidogo. Usimtupie, na usitupe kipande chini alipo.

MADAI YETU

Kujielimisha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kudai.

Tunadai kwanza maandishi yanayosomeka. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, nayo ni lugha ya barabara yote kutoka Mombasa. Kwa nini onyo la tumbo lisiandikwe kwa Kiswahili?

Pili, mfanyakazi hanunui pakiti. Hununua kipande kimoja kimoja, na orodha ya vitu hubaki kwenye boksi la mwenye kibanda. Tunadai namba za tamu zichapwe hata kwenye karatasi ya kipande kimoja. Mpaka hapo, mwombe mwenye kibanda akuonyeshe boksi, au mchange watu wanne mnunue pakiti nzima.

Tatu, tunadai vyoo na maji katika kila kituo ambapo malori hulala foleni. Tajiri anayempa dereva onyo kwa kusimama njiani aulizwe kwanza: choo kiko wapi?

Nne, asipewe mtu barua ya onyo kwa ajili ya ugonjwa kabla daktari hajasema.

Tano, na hili ndilo kubwa. Dereva anayehitaji vipande 20 vya chingamu ili asilale, shida yake haimo katika chingamu. Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unasema dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila kupumzika, asizidishe saa 9 za kuendesha kwa siku wala 48 kwa wiki, na apate mapumziko ya saa 10 mfululizo katika kila saa 24. Waajiri wakifuata namba hizo, wengi wetu hatutahitaji kuzijua zile za nyuma ya pakiti.

Ndugu, kata sehemu ya namba katika ukurasa huu, uibandike kwenye kabini au kwenye kibanda cha ulinzi. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake. Na yeyote aliyepewa onyo la kazi kwa sababu ya tumbo amwone katibu wa tawi lake, akiwa na ile barua mkono mmoja, na karatasi ya chingamu mkono wa pili.

Umoja ni nguvu.